Waya wa Muda

Kwa miaka thelathini na moja nilipanda nguzo za simu katika kaunti hii, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kunirudisha kwenye kazi niliyoimaliza. Nalisema hilo mapema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilipostaafu nilihamishia majivuno yangu kwenye magari ya kale. Klabu yetu ina wanachama ishirini na kitu, wakulima na wastaafu wa viwanda vya Elkhart, na kila Jumamosi asubuhi tunakutana mkahawani kwa Wilma tukinywa kahawa na kubishana. Likija suala la kabureta anaulizwa Delmar Fisher. Likija suala la waya ninaulizwa mimi, Verlin Stutzman, na mtu akithubutu kujibu kabla yangu nilikuwa namkazia macho mpaka anyamaze.

Merrill Yoder alikuwa rafiki yangu. Alipofariki alimwachia mkewe, Orpha, nyumba ya shambani, Buick ya kwendea dukani, na Studebaker ya mwaka 1953 ya rangi ya maziwa, ambayo kusema kweli Orpha aliijua kuliko yeye. Orpha alikuwa na miaka sabini na minne. Alipiga kinanda kanisani, na kila Jumatano alikwenda Goshen kumwona dada yake aliyelazwa kwenye nyumba ya wazee. Kutoka kwake mpaka huko ni maili kumi na moja, na huku kwetu asiye na gari hana miguu. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa hapa. Asiyeweza kuendesha hakai shambani, basi.

Aprili mwaka ule alinipigia simu. Nyaya za Studebaker zilikuwa zimechakaa mpaka mpira unapukutika.

"Merrill alisema atazibadilisha," akasema.

"Alisema lini?"

"Mwaka wa themanini na tano."

"Basi nimechelewa kidogo tu," nikamwambia, na kesho yake nikaenda na sanduku langu la vifaa.

Sasa niwaeleze gari lenyewe, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Studebaker ile ina gia ya ziada tunayoiita ovadraivu. Ukishapata mwendo, unainua mguu kidogo kwenye mafuta, gia inajipachika yenyewe, injini inashusha sauti na kupumzika huku gari likienda mwendo uleule. Ukitaka kulipita lori, unakanyaga mafuta mpaka chini kabisa. Chini ya pedali kuna swichi, na swichi hiyo inakata umeme wa plagi kwa muda wa kupepesa jicho tu. Gia ya ziada inalegea, inachomoka, umeme unarudi, na gari linaruka mbele. Kinachorudisha umeme ni solenoidi, ile sumaku iliyo ubavuni mwa giaboksi: gia ikishachomoka, nayo inauachia ule mkato. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye swichi lazima uishie kwenye solenoidi. Ukiufunga kwenye bodi ya gari, umeme utakatika na utabaki umekatika muda wote mguu ukiwa chini. Nimelieleza jambo hili mara mia pale kwa Wilma, nikichora kwenye karatasi za kupangusia mikono, mpaka Delmar akasema akifa niuchore mchoro huo kwenye jeneza lake ili asije akasahau.

Siku ile nilikuwa nimeitoa solenoidi kuisafisha, nikataka kuijaribu swichi peke yake. Nikaufunga waya ule kwenye bodi kwa bolti, kwa muda. Sisi watu wa simu tulikuwa na desturi yetu: ukifunga waya wa muda, unaning'iniza kofia yako juu yake. Hakuna mtu anayekwenda nyumbani bila kofia, kwa hiyo hakuna anayeusahau waya. Nikaning'iniza kofia yangu juu ya ile bolti.

Saa sita Orpha akaja kuniita chakula. Alikuwa amepika tambi za kuku, akazimwaga juu ya viazi vya kuponda kama tunavyopenda, nami nikala sahani mbili na kulegeza mkanda. Niliporudi gereji nikairudisha solenoidi mahali pake. Kipande cha waya wa zamani kilikuwa bado kimening'inia kwenye skrubu yake, kimefungwa kwa utepe wa gundi pamoja na vingine, na kwa macho ya mtu aliyeshiba kazi ilionekana imekamilika. Nikafunga boneti. Nikiwa naondoka Orpha akanikabidhi kofia yangu mlangoni, ameipiga brashi ikang'aa.

"Niliikuta imetupwa kwenye grisi," akasema. "Wewe bwana, kofia nzuri hivi."

"Ningekuwa na mke ningefundishwa."

"Ungekuwa na mke angekuwa amekwisha kukimbia."

Tukacheka. Nikalitoa gari barabarani, gia ya ziada ikashika vizuri, injini ikashusha sauti. Sikukanyaga mafuta mpaka chini. Kwa nini nikanyage? Kazi niliyoifanya mimi niliona haina haja ya kukaguliwa, hata na mimi mwenyewe.

Juni katikati, Orpha akaja kwangu na Studebaker. Kioo cha pembeni kilikuwa kimevunjika, na kulikuwa na majani ya mahindi yamenasa kwenye taa. Hakushuka mara moja. Nilipofungua mlango niliona mikono yake ingali imeshika usukani.

"Injini ilizimika, Verlin."

"Ilizimikaje?"

"Nilikuwa nalipita lori. Nikakanyaga, ikafa. Nikazidi kukanyaga, haikuamka. Na mbele yangu linakuja la maziwa, linapiga honi."

"Halafu?"

"Halafu nikakata kushoto, nikaingia kwenye mahindi ya jirani yangu Lamar. Nilipotulia nikaiwasha, ikawaka mara moja. Kama vile haikufanya lolote."

Mtu mwenye akili angefungua boneti. Mimi niliingia kwenye usukani, nikamwambia akae upande wa pili, tukazunguka maili tatu. Niliendesha kwa kubembeleza, gia zote zikaingia, ovadraivu ikashika na kuachia. Nikarudi, nikazima.

"Gari halina tatizo, Orpha. Uliogopa, mguu ukaangukia klachi."

"Sikukanyaga klachi."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Sikupenda jinsi alivyonitazama, nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Labda." Neno hilo moja lilitosha kunifanya nijione nimeshinda.

Jumamosi nikalipeleka jambo hilo kwa Wilma. Sikutumwa na mtu. Nilitaka tu kuchekesha, na mimi nikishika mazungumzo siachii. Nikawaambia kwamba Orpha akiona lori anakanyaga kila kilicho miguuni mwake kama anaua panya jikoni. Watu wakavunjika mbavu. Delmar akasema heri panya, anajua anakufa kwa nini. Wilma peke yake hakucheka, aliendelea kumimina kahawa, na nikakumbuka baadaye kwamba kikombe changu alikiruka. Jumamosi iliyofuata Orpha alipoingia, Delmar akatoa mlio wa panya kutoka nyuma ya gazeti. Orpha akatabasamu, akawa mwekundu mpaka shingoni, akanywa kahawa yake nusu. Hakuja tena.

Kisha ikaja simu ya Janelle, binti yake, kutoka Arizona. Habari za panya zilikuwa zimemfikia kupitia kwa mke wa Delmar.

"Verlin, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua," akasema. "Naogopa kumuuliza mama. Tatizo ni gari au ni mama?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, nimeshika sandwichi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nitakwenda kulitazama tena. Nikamwambia, "Gari nimelipima mwenyewe. Halina tatizo."

"Basi ni mama."

"Sikusema hivyo."

"Hapana," akasema. "Lakini nimekuelewa. Ahsante."

Mwezi wa saba Orpha akatundika funguo zote mbili, wa Studebaker na wa Buick, kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Hata Buick, gari la kila siku, gari ambalo halikumkosea kitu. Alisema mguu usioaminika ni uleule kwenye gari lolote. Jumatano alianza kupelekwa Goshen na wanawake wa kanisa, kwa zamu, na wiki ambazo zamu iligongana hakwenda. Kinanda kikapewa msichana aliyejua nyimbo sita. Kufika Agosti tukasikia nyumba inauzwa na Orpha anahamia Arizona kwa binti yake. Watu wakasema ni busara. Mimi pia nilisema ni busara, tena kwa sauti.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, akaniita. Studebaker ilikuwa imepata mnunuzi wa Ohio.

"Anakuja kulichukua mwisho wa mwezi," Orpha akasema. "Litazame kwa mara ya mwisho. Sitaki mtu aumie kwa ajili yangu." Tulikuwa tumesimama gereji. Alikuwa amekonda. "Na Ijumaa wananiletea karatasi za nyumba nisaini. Nikishasaini nitalala."

Akarudi ndani. Nikafungua boneti.

Niliiona mara moja. Bolti mpya, waya wa manjano, umefungwa kwenye bodi kwa fundo langu, lile ninalolifunga mimi peke yangu kaunti nzima na ambalo nimelisifia kwa wote. Nikaketi juu ya sanduku la vifaa. Kitu cha kwanza kilichonijia akilini, Mungu anisamehe, hakikuwa Orpha na lori la maziwa. Kilikuwa: nani mwingine amefungua boneti hii? Nani ameona?

Hakuna aliyeona. Kuurekebisha kulichukua dakika kumi. Nikauvuta waya mpaka kwenye solenoidi, nikakaza, nikaitia ile bolti mfukoni. Nikalitoa gari barabarani, na safari hii nilikanyaga mpaka chini. Injini ikakata pumzi kidogo tu, kisha likaruka mbele na kunikandamiza kwenye kiti. Nikarudia mara tatu. Kila mara niliwaza kwamba mwanamke huyu aliingia kwenye mahindi akiwa mzima wa akili na mguu, akaniambia ukweli mtupu, nami nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, amejifunga mikono kwenye aproni.

"Umelionaje?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu.

"Halina tatizo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa bado ana tumaini dogo na sasa limekwisha. "Nilijua," akasema. Akanishukuru, akanipa mtungi wa matango ya siki niende nao nyumbani.

Nimejaribu kuzikumbuka siku zilizofuata kwa namna itakayonipunguzia aibu, na sijafaulu. Jumatano nilijiambia kwamba atafurahi kwa binti yake, kule hakuna barafu ya kumwangusha. Niliwaza pia ile kofia. Kama asingeitoa kofia ningeuona waya. Kwa hiyo, ukilitazama vizuri, na yeye ana sehemu yake. Niliwaza hivyo kwa dhati, mtu mzima wa miaka sitini na nane, nikakata majani ya bustani nzima nikiwa na hasira na mwanamke aliyenipigia kofia brashi. Alhamisi nilipita mbele ya nyumba yake, nikamwona anaanika shuka, nikapiga honi na kupunga mkono. Ijumaa saa sita nilikwenda tena, na safari hii nilikuwa nimeamua kabisa. Gari la wakala wa nyumba lilikuwa limeegeshwa uani. Nikageuza.

Alisaini. Baada ya hapo nikajiambia sasa haina maana tena kusema, kitakachoongezeka ni uchungu tu. Unaona jinsi akili inavyofanya kazi. Kabla hajasaini ilikuwa mapema mno, alipokwisha kusaini ikawa nimechelewa mno, na katikati hapakuwa hata na saa moja ya kusema.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kanisa likamwandalia chakula cha kumuaga, kule ukumbi wa chini. Kila mmoja alileta chungu chake. Tulipomaliza, mchungaji akamwomba Orpha aseme neno. Akasimama, amevaa ile sweta yake ya buluu, akawashukuru waliompeleka Goshen, akamshukuru msichana wa kinanda, watu wakacheka kidogo kwa sababu ya zile nyimbo sita. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Na nataka kumshukuru Verlin," akasema. "Wengi mngenionea haya. Yeye aliniambia ukweli kabla sijaua mtoto wa mtu barabarani. Haikuwa rahisi kuusikia. Najua haikuwa rahisi kuusema pia."

Wakapiga makofi. Delmar, aliyeketi karibu yangu, akanipiga mgongoni na kuuacha mkono wake pale. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Niliinua mkono kidogo, kama mtu anayekataa sifa, na hiyo ishara ndogo ya unyenyekevu inaniuma mpaka leo kuliko mengine yote. Kisha nikachukua kipande cha pili cha pai, kwa sababu mwenye chakula mdomoni haulizwi kitu.

Asubuhi yake, saa mbili kasoro, nilikuwa mlangoni kwake. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti, na alipoona uso wangu akaweka kikombe chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Orpha, sikiliza. Haukuwa mguu wako."

"Nini?"

"Siku ile ya lori. Haukuwa mguu wako, wala hukuchanganyikiwa. Ni waya. Niliufunga kwenye bodi kwa majaribio, nikausahau. Ukikanyaga mpaka chini umeme unakatika na haurudi. Kadiri ulivyozidi kukanyaga ndivyo ulivyozidi kuiua injini. Ulinieleza vilevile ilivyokuwa, nami sikukusikiliza. Waya nimekwisha kuurekebisha." Nilipaswa kuishia hapo. Nikaongeza, "Nilikuwa nimeweka kofia yangu juu yake, ili nisisahau. Wewe ukaitoa."

"Kofia," akasema.

"Nasema tu jinsi ilivyotokea."

"Kwa hiyo ni kofia."

"Hapana," nikasema. "Ni mimi."

Alifuta mikono yake kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufunguo wa Studebaker, akatoka bila kuniita. Nikamfuata. Alishindwa mara mbili kuingiza ufunguo, na sikuthubutu kumsaidia. Tulipofika barabara kuu akapandisha mwendo, akainua mguu, injini ikashusha sauti. Hapakuwa na gari mbele wala nyuma. Akakanyaga mpaka chini.

Injini ikakata kidogo, na nikasikia pumzi yake ikikatika nayo. Kisha gari likaruka mbele. Akaachia, akangoja, akakanyaga tena. Akafanya hivyo mara tano, na mara ya tano alikuwa analia bila sauti, macho yake yako barabarani na mikono yake imetulia kabisa kwenye usukani.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu kila ninaposhuka ngazi nautazama mguu huu. Naushika kitandani. Nauliza, una nini wewe?"

Tukarudi. Alipoegesha uani hakuzima injini.

"Uliuona lini huo waya?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu alfajiri, na nilikuwa na jibu lake tayari. Jana. Jana jioni, baada ya chakula, nilipata wasiwasi nikaja kuchungulia. Asingejua kamwe. Nikafungua mdomo nitoe jibu hilo na nikaona mikono yake pale kwenye usukani.

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne hii?"

"Ile ya wiki iliyopita. Siku uliyoniita."

Akazima injini. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Aliingia ndani, nikaingia nyuma yake kwa kuwa sikujua kama nimekatazwa, akainua simu ya ukutani na kubonyeza namba. Akanipa mkono wa simu.

"Mwambie," akasema.

Kule Arizona ilikuwa saa kumi na mbili. Janelle alipokea kwa sauti ya usingizi na hofu.

"Mama?"

"Ni Verlin. Mama yako mzima, yuko hapa. Janelle, uliwahi kuniuliza kama tatizo ni gari au ni mama yako." Nilisikia anakaa kitandani. "Lilikuwa gari. Niliufunga waya vibaya, mimi mwenyewe, mwezi wa nne. Mama yako hakukosea kitu. Anaendesha vizuri kuliko mimi."

Akasema, "Una uhakika?"

"Nimeukuta waya. Nimeurekebisha. Ametoka kulijaribu sasa hivi."

"Jamani," akasema Janelle, na nikasikia anaanza kulia. "Jamani, mama. Na mimi nimemlazimisha. Ahsante, Verlin. Ahsante kwa kuniambia, wengine wasingesema."

Nikashusha pumzi. Nilisimama pale na shukrani ile sikioni, ya pili katika siku mbili, na nitasema ukweli, ilinifariji. Nilikuwa tayari kuaga.

"Na siku, Verlin," akasema Orpha. Alikuwa ameegemea boksi la vyombo, mikono kifuani.

"Anasemaje mama?" akauliza Janelle. "Siku gani?"

"Waya niliukuta Jumanne ya wiki iliyopita."

Nilimsikia anahesabu. Haikumchukua muda.

"Alisaini Ijumaa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua kwamba anasaini Ijumaa?"

Orpha alinitazama.

"Nilijua," nikasema. "Aliniambia mwenyewe, hapohapo, kabla sijafungua boneti."

Orpha akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya maboksi. Akachukua koti lake na ufunguo wa Buick. Alipita karibu yangu kiasi kwamba ilibidi ninyanyue waya wa simu juu ya kichwa chake, akatoka. Nikasikia mlango wa gari, injini, kisha kokoto zikisagika mpaka barabarani.

"Verlin? Nimesikia mlango. Mama yuko wapi?"

"Ameondoka na gari."

"Anakwenda wapi?"

"Hakuniambia," nikasema. "Na mimi sina uso wa kumuuliza."